Samaki Bado Mbichi: Jinsi Familia na Marafiki Wanavyojenga Ubongo wa Kijana Balehe

Wazazi wengi nchini wamelelewa na methali isemayo "samaki mkunje angali mbichi". Methali hiyo ina hekima, lakini wapo wanaoichukulia kuwa mtoto akishafika kidato cha kwanza, samaki amekwisha kukauka: aliyefunzika amefunzika, na aliyeshindikana aachiwe ulimwengu. Utafiti wa ubongo uliofanyika kwa zaidi ya miaka 25 unaonesha vinginevyo. Kati ya umri wa miaka 10 na 19, kipindi ambacho Shirika la Afya Duniani (WHO) hukitambua kuwa cha ujana balehe, ubongo huendelea kujengwa kwa kiasi kikubwa, na watu wanaomzunguka kijana ni miongoni mwa wanaochangia jinsi utakavyojengwa.

Ubongo haujamaliza kukua

Mtoto anapofikisha miaka 6, ubongo wake huwa umefikia takribani asilimia 90 ya ukubwa wa ubongo wa mtu mzima. Kwa sababu hiyo, kwa muda mrefu iliaminika kuwa kazi kubwa ya ujenzi huishia hapo. Dhana hiyo ilitikiswa mwaka 1999, wakati Jay Giedd na wenzake wa Taasisi ya Taifa ya Afya ya Akili ya Marekani walipochapisha matokeo ya kuwapima ubongo watoto na vijana kwa mashine ya MRI kadiri walivyokuwa wakikua. Picha hizo zilionesha kuwa ubongo huendelea kubadilika katika kipindi chote cha balehe.

Mabadiliko hayo yanafanana na kazi ya mkulima anayepunguza miche ya mahindi ili inayobaki istawi. Miunganiko ya seli za neva isiyotumika hupunguzwa, na ile inayotumika mara kwa mara huimarishwa na kuharakishwa. Hivyo, jambo ambalo kijana hulifanya kila siku, liwe kusoma, kujadiliana kwa utulivu, kugombana au kujificha, huachia alama katika ubongo wake.

Aidha, sehemu za ubongo hazikomai kwa wakati mmoja. Zile zinazohusika na hisia na msisimko wa kupata tuzo huchangamka mapema balehe inapoanza. Sehemu ya mbele, iliyo nyuma ya paji la uso, ambayo husaidia kupanga, kupima matokeo na kujizuia, huendelea kukomaa hadi mtu anapokaribia katikati ya miaka ya 20.

Nguvu ya rika

Mwaka 2005, watafiti Margo Gardner na Laurence Steinberg wa Marekani walichapisha utafiti uliohusisha watu 306 wa makundi matatu ya umri waliocheza mchezo wa kuendesha gari kwenye kompyuta. Vijana wa miaka 13 hadi 16 walijihatarisha zaidi walipokuwa na wenzao kuliko walipokuwa peke yao. Kwa watu wenye miaka 24 na zaidi, kuwapo kwa wenzao hakukuleta tofauti kama hiyo. Utafiti mwingine wa mwaka 2011 uliotumia MRI ulibaini kuwa kijana anapojua rafiki zake wanamtazama, sehemu za ubongo zinazohusika na tuzo huchangamka zaidi.

Matokeo hayo yanatoa jibu kwa swali ambalo wazazi huuliza kijana anapokosea: "Hukujua kuwa ni hatari?" Mara nyingi alijua. Kilichobadilika ni uzito wa kukubalika na wenzake, ambao kwa wakati huo ulizidi uzito wa hatari.

Hata hivyo, nguvu ya rika haielekei upande mbaya peke yake. Utafiti uliofanyika Uholanzi na kuchapishwa mwaka 2016 ulionesha kuwa vijana wa miaka 12 hadi 16 walichangia zaidi kwa manufaa ya kundi pale wenzao walipounga mkono tendo hilo. Marafiki wanaothamini masomo, michezo au kazi za kujitolea huufanya wema nao uwe na mvuto.

Jamii nyingi za Tanzania ziliutambua ukweli huo kabla ya mashine za MRI. Katika jando na unyago, vijana wa rika moja walifundwa pamoja, lakini chini ya uangalizi wa makungwi na wazee. Rika halikuachwa lijilee lenyewe. Somo hilo lina uzito leo, ambapo baadhi ya wanafunzi wa sekondari hupanga vyumba mbali na nyumbani na kuishi bila mtu mzima wa karibu, na wengine hutumia saa nyingi kwenye simu katika makundi ambayo mzazi hayajui.

Nafasi ya mzazi haijafutika

Mwaka 2022, watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford walibaini kuwa kwa watoto wa chini ya miaka 12, sauti ya mama huamsha kwa nguvu sehemu za ubongo zinazohusika na tuzo, lakini kuanzia takribani miaka 13, sauti za watu wasiofahamika huziamsha zaidi. Mzazi anayeona mwanawe ameanza kutafuta watu wa nje hana sababu ya kulihesabu jambo hilo kuwa dharau. Ni maandalizi ya kawaida ya kuingia katika jamii pana.

Pamoja na mabadiliko hayo, mzazi bado ana uzito. Eva Telzer na wenzake walionesha mwaka 2015 kuwa vijana walipunguza kujihatarisha kwenye mchezo wa kuendesha gari pale mama zao walipokuwapo. Huko Australia, utafiti wa mwaka 2014 ulifuatilia vijana 188 kuanzia wakiwa na takribani miaka 12 na kubaini kuwa upole na uchangamfu wa mama katika mazungumzo ulihusiana na tofauti za ukuaji wa ubongo katika miaka iliyofuata. Kwa upande mwingine, vipigo, matusi na hofu ya kudumu huuweka mwili katika mfadhaiko mrefu, ambao huathiri sehemu za ubongo zinazohusika na kumbukumbu na udhibiti wa hisia.

Wajibu wa pamoja

Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamtambua mtoto kuwa mtu mwenye umri wa chini ya miaka 18, na inampa mzazi wajibu wa kumtunza, kumwongoza na kumlinda dhidi ya ukatili. Mwaka 2021 Serikali ilizindua Programu Jumuishi ya Taifa ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto, inayolenga watoto wa miaka 0 hadi 8, pamoja na Ajenda ya Taifa ya kuharakisha hatua na uwekezaji katika afya na ustawi wa vijana balehe wa miaka 10 hadi 19. Mipango hiyo miwili inaonesha kuwa malezi hayakomi mtoto anapoanza shule.

Kwa mzazi au mlezi, wajibu huo hauhitaji gharama kubwa. Unaanza kwa kuwafahamu marafiki wa mtoto kwa majina na kuwakaribisha nyumbani, kutenga muda wa mazungumzo kila siku, kusikiliza kabla ya kukaripia, na kuweka mipaka iliyo wazi pamoja na sababu zake. Mtoto anayeishi mbali na nyumbani anahitaji mtu mzima anayeaminika, awe ndugu, jirani au mwalimu, atakayefuatilia maendeleo yake.

Pale hali inapozidi uwezo wa familia, wazazi na vijana wanaweza kumwona Afisa Ustawi wa Jamii katika halmashauri yao, kufika Dawati la Jinsia na Watoto katika kituo cha Polisi, au kupiga simu bila malipo kwa namba 116 ya Huduma ya Simu kwa Mtoto. Kijana wa miaka 15 aliyeanza kuteleza hajapotea. Ubongo wake bado unajengwa, na mtu mzima anayekaa naye leo jioni kuzungumza ni miongoni mwa wajenzi.