Chanuo la manyoya na mbwa wa Garissa

Maelekezo ya chanuo la kupunguza manyoya yameandikwa kwa nchi za baridi, ambako mbwa hupukutisha manyoya kwa misimu. Garissa haina misimu hiyo. Mji uko karibu kabisa na ikweta, mchana na usiku hukaribia kulingana mwaka mzima, na urefu wa mchana ndio hasa unaoamuru mwili wa mbwa ubadilishe manyoya. German Shepherd anayelinda ghala hapa hupukutisha kidogo kidogo miezi yote. Dakika 10 kwa wiki zinamtosha. Mbwa wa kienyeji anayefuata mbuzi, mwenye manyoya mafupi, chanuo hili halimhusu. Brashi ya mpira yatosha.

Kwanza pitisha vidole. Miiba ya mti wa mathenge hunasa manyoyani, na kupe aliyeshiba akikwanguliwa hupasuka, mdomo wake ukabaki ndani ya ngozi.

Meno ya chanuo ni ya chuma, mafupi, yaliyobanana. Hupenya manyoya ya juu na kung'oa yale mororo ya ndani yaliyokwisha kulegea. Ukikandamiza, yanachubua ngozi, na mchubuko kwenye joto na vumbi hili haukawii kuita nzi. Lijaribu kwenye mkono wako, upande wa ndani: likiacha mistari myekundu, punguza nguvu. Vuta mivuto mifupi kufuata ulalo wa manyoya, mara mbili tatu tu mahali pamoja. Tumbo, kwapa, kinena na masikio usiyaguse.

Tazama kinachotoka. Manyoya mepesi ya kijivu kama pamba ni sawa. Zikianza kutoka nywele ndefu, ngumu, zenye ncha nyeusi, acha hapo hapo: unakata manyoya ya juu, yanayomkinga na jua. Wanaomnyoa kabisa ili apate hewa wanamwanika tu.

Mbwa awe mkavu, ndipo chanuo hufanya kazi vizuri. Hilo linawafaa pia Waislamu wa madhehebu ya Shafii, walio wengi hapa: kikavu kikigusa kikavu, najisi ya mbwa haihami, basi hakuna kuosha mara saba, moja kwa udongo.

Manyoya yakinyonyoka ghafla kwa mabaka, huku mbwa akijikuna, weka chanuo kando, umwite daktari wa mifugo. Huenda ni upele, nao humwambukiza hata mtu. Chanuo hilo lisiende kwa mbwa wa jirani kabla halijachemshwa.