Rekodi za Riadha Zinazozua Ubishi wa Vifaa

Kericho na Bomet, ubishi wa mashine na nguvu za mwili si mgeni: Mei 2023 mashine za kuchuma chai zilichomwa moto. Riadha nayo ina ubishi wake. Kifaa gani ni msaada, na kipi kinambeba mtu? Rekodi na kesi hizi ndizo zinazouchochea.

Mita 10,000 za kasi zaidi kwa wanawake
Beatrice Chebet wa Londiani, Kericho, alikimbia dakika 28:54.14 mjini Eugene, Marekani, tarehe 25 Mei 2024. Ndiye mwanamke wa kwanza kushuka chini ya dakika 29. Enzi yake ni enzi ya viatu vya kisasa, na shirikisho la riadha la dunia, World Athletics, halikuvipiga marufuku bali liliviwekea kipimo: tangu Novemba 2024, soli ya kiatu cha uwanjani haizidi milimita 20.

Mruko mrefu zaidi kwa mguu bandia
Mjerumani Markus Rehm aliruka mita 8.72 mwaka 2023. Dhahabu ya Olimpiki ya Paris 2024 ilipatikana kwa mita 8.48. Hata hivyo, kabla ya Olimpiki ya Rio 2016 Rehm alitakiwa athibitishe mwenyewe kwamba mguu wake haumpi faida. Utafiti haukumaliza ubishi, akabaki nje.

Kesi inayotugusa zaidi
Mwaka 2020 Mahakama ya Usuluhishi wa Michezo ilimzuia mkimbiaji Mmarekani Blake Leeper, asiye na miguu yote miwili, kushindana na wasio na ulemavu, kwa kuwa miguu yake bandia ilimwongezea kimo kwa takriban sentimita 15. Leeper, ambaye ni mweusi, alilalamika kwamba kanuni ya kukadiria kimo ambacho angekuwa nacho haikutokana na vipimo vya watu weusi. Huku kwetu, ambako miundi mirefu ya wakimbiaji husifiwa kila msimu, lalamiko hilo lina uzito.

Marathoni ya kasi zaidi
Si saa 2:00:35 za marehemu Kelvin Kiptum. Ni 1:17:47 za Mswisi Marcel Hug, aliyetumia kiti cha magurudumu mjini Oita, Japani, 2021. Rekodi hizo mbili haziwekwi kapu moja, na hapo hakuna ugomvi. Ugomvi ni kati ya viti vyenyewe: cha Hug ni cha kaboni, kilichoundwa kwa msaada wa wahandisi wa magari ya Formula 1.

Kifaa rahisi kuliko vyote
Ni kamba inayomuunganisha mkimbiaji asiyeona na mwongozaji wake. Katika Paralimpiki ya Sydney 2000, Henry Wanyoike, asiyeona, alitwaa dhahabu ya mita 5,000 huku akimsukuma hadi mwisho mwongozaji wake aliyedhoofishwa na malaria. Paralimpiki ya Tokyo ilipofanyika 2021, medali pekee ya Kenya ilikuwa shaba ya Nancy Chelangat katika mita 1,500, akiongozwa na Geoffrey Rotich. Sheria ni fupi: mwongozaji asimvute mwanariadha, wala asimtangulie kwenye utepe.

Soli ina kipimo, kimo kina kipimo, na kamba ina sheria yake. Bei ya vifaa kama kiti cha Hug ndiyo isiyo na mpaka, na hapo ndipo haki inapopotea. Kaunti za Kericho na Bomet, zinazojivunia mabingwa, zianze na jambo moja: kila uwanja wa kaunti uwe na viti vya mbio ambavyo kijana yeyote mwenye ulemavu anaweza kuazima na kufanyia mazoezi.