Binti ana uvimbe kwenye titi? Mpeleke akapimwe

Mzazi wa Kimara, Dar es Salaam, akisikia binti yake ana uvimbe kwenye titi, mawazo yanampeleka moja kwa moja hospitali ya saratani ya Ocean Road. Presha inapanda kabla hata ya kumuona daktari. Ukweli ni kwamba saratani ya titi kabla ya umri wa miaka 20 ni nadra mno.

Kwanza tazama umri. Kati ya miaka 8 na 13, kinundu kinachouma chini ya chuchu kwa kawaida ni titi linaloanza kuota, na mara nyingi upande mmoja hutangulia. Kisiminywe wala kukatwa, maana titi linaweza kudumaa.

Kwa aliyekwisha kuvunja ungo, uvimbe unaoongoza huitwa faibroadenoma. Ni wa duara, hauumi, na ukiubonyeza unateleza kama gololi chini ya ngozi. Unahusishwa na homoni ya estrojeni, inayopanda wakati wa balehe. Mingi huwa na sentimita 1 hadi 3, na mingine hunywea yenyewe. Ukizidi sentimita 5 au ukikua upesi, daktari wa upasuaji huweza kuuondoa.

Kipimo chake ni utrasaundi. Mamografia haimfai msichana wa umri huu, kwa kuwa nyama ya titi lake bado imeshikamana sana na picha haisomeki vizuri.

Mtaani lawama huangukia simu na nauli zinazofichwa kwenye sidiria. Hakuna ushahidi kwamba zinaleta uvimbe. Kinachodhuru ni kumkanda binti kwa maji ya moto na kumpaka dawa za mitishamba huku miezi inakwenda.

Anzia zahanati au kituo cha afya kilicho karibu. Ikihitajika rufaa, Barabara ya Morogoro inakufikisha Hospitali ya Mloganzila. Usingoje hata kidogo ukiona uvimbe mgumu usiosogea, ngozi iliyobonyea au chuchu inayotoa damu. Titi likiwa jekundu, lina joto na binti ana homa, huenda ni jipu, nalo linatibika.

Mabinti wengi hukaa kimya kwa aibu. Mama, shangazi, mwalimu wa malezi: mwulizeni binti bila kumtisha, na akisema, msimfokee. Mpelekeni akapimwe wiki hiyohiyo.