Pikapu Kuvuta Mashine ya Kusaga: Kuondoka Si Kazi, Kazi ni Kusimama

Kikundi kimechanga, mashine ya kusaga imenunuliwa, sasa iko mjini inangoja kuletwa. Mwanachama mmoja ana pikapu, jirani ana trela. Je, tufunge twende? Ngojeni kidogo.

Wengi hufikiri gari likiweza kuvuta mzigo, litaweza pia kuusimamisha. Sivyo. Kwenye mteremko trela husukuma gari. Ndiyo maana pikapu nyingi haziruhusiwi kuvuta trela isiyo na breki zake ikipita kilo 750 pamoja na mzigo, na zile ndogo huruhusiwa chini ya hapo. Someni kitabu cha maelezo ya gari.

1. PIMENI. Jumlisheni trela, injini na kinu. Injini ya dizeli ya zamani ya silinda moja huweza kupita kilo 300 peke yake. Uzito ukizidi, fanyeni safari mbili. Mafuta ya safari ya pili ni rahisi kuliko mazishi.

2. PAKIENI. Sehemu nzito ikae mbele kidogo ya ekseli. Ikiwa trela na mzigo ni kilo 700, shingo ya trela ilalie gari kwa kilo 70 hadi 105. Unaweza kuipima kwa mzani wa magunia. Mzigo ukikaa nyuma, trela itayumba kama mkia.

3. FUNGENI. Fungeni injini pande zote nne kwa cheni, kwani kamba ya katani hulegea. Cheni mbili za usalama zipite msalaba chini ya shingo. Hakikisheni taa za trela zinawaka. Baada ya kilomita 5, simameni mkaze tena.

4. ENDESHENI POLEPOLE. Ingiza gia ndogo kabla ya kuanza kuteremka. Usiweke nyutro ati unaokoa mafuta. Madereva wa malori waliofanya hivyo kwenye mteremko wa Salgaa, barabara ya Nakuru kwenda Eldoret, wameangamiza wengi. Trela ikiyumba, usikanyage breki ghafla. Ondoa mguu kwenye mafuta, shika usukani imara mpaka itulie.

Mwisho, vijana wasipande juu ya trela ati "kushikilia mashine." Hakuna mkono unaoweza kuzuia kilo 300. Mashine ikivunjika tutachanga tena. Mtu hachangiwi akarudi.