Zabibu nyekundu: nafasi ya Iringa na Mbeya iko bondeni

Barabara ya lami kutoka Iringa hadi Dodoma ina kilomita zipatazo 260. Inaanzia kwenye mji ulio takriban mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, inateremka Isimani, inapita juu ya bwawa la Mtera, kisha inaingia katika nchi ya zabibu. Ng'ambo ya bwawa kuna watu wanaosomesha watoto kwa mizabibu. Upande wa Iringa, kwenye joto na vumbi vile vile, mkulima bado anabahatisha mvua kwa mahindi na alizeti. Swali la mwekezaji ni moja: zabibu nyekundu ya mvinyo inaweza kuvuka Mtera na kupanda hadi Nyanda za Juu Kusini?

Kuvuka inaweza. Kupanda milima ni hesabu nyingine.

Dodoma iliipokea mizabibu kutoka kwa wamisionari wa Kikatoliki wa Italia, na misheni ya Bihawana bado inatajwa kila historia hiyo inaposimuliwa. Baadaye serikali iliweka kituo cha utafiti Makutupora, kaskazini mwa jiji, ambacho leo kiko chini ya taasisi ya utafiti wa kilimo, TARI. Kituo hicho ndicho kilichotoa jina la Makutupora Nyekundu, zabibu inayojulikana sana kwa wakulima wadogo, ikiandamana na Syrah ya Ufaransa na Chenin Blanc nyeupe. Wawekezaji wa viwanda nao wakaleta aina za kwao Italia: Teroldego na Marzemino kutoka kaskazini, na Aglianico kutoka kusini.

Aglianico ni zabibu gani?

Kwao ni mikoa ya Campania na Basilicata, kusini mwa Italia. Ganda lake ni nene, mvinyo wake ni mweusi wenye ukakasi mwingi, na uchachu wake haupotei upesi hata jua likiwa kali. Sifa hiyo ya mwisho ina thamani kubwa Dodoma, kwa sababu katika nchi za joto sukari ya zabibu hupanda haraka huku uchachu ukiporomoka, na mvinyo ukatoka mzito usio na uhai. Kiwandani, zabibu yenye sukari ya nyuzi 22 kwa kipimo cha Brix hutoa kilevi cha asilimia 12 hivi. Kazi ngumu ni kuifikisha hapo kabla uchachu haujaisha.

Kasoro zake ni mbili. Huchelewa kuiva: Italia huvunwa Oktoba, pengine hadi Novemba, wakati aina nyingi zimekwisha kukamuliwa. Pia ukakasi wake unadai muda wa kutulia. Taurasi, mvinyo wake mashuhuri wa Campania, hauruhusiwi kuuzwa kabla ya miaka 3. Mwenye kiwanda anayelipa riba ya benki ajue kwamba fedha yake italala ndani ya mapipa.

Jina lake jingine kubwa ni Aglianico del Vulture, kutoka miteremko ya volkano iliyozimika ya Vulture, Basilicata. Hapo ndipo mtu wa Mbeya hupata shauku, kwa kuwa Rungwe nayo ni volkano na udongo wake unaootesha ndizi, chai na parachichi unajulikana nchi nzima. Lakini udongo hautoshi. Tukuyu, huko Rungwe, hupata mvua inayozidi milimita 2,000 kwa mwaka, ilhali Dodoma hupata chini ya 600. Kwa mzabibu, unyevu wa Rungwe ni mwaliko wa ubwiri unga na ubwiri vinyoya, magonjwa ya ukungu yanayomaliza majani na vichala. Gharama ya kupulizia dawa ingekula faida kabla ya mavuno.

Kiangazi chenye baridi

Tofauti kubwa zaidi iko kwenye majira. Pwani za Mediterania, ukame na joto huja pamoja, na mvua huja na baridi wakati mzabibu umelala. Mbeya ni kinyume: mvua huanza Novemba na kuondoka na joto ifikapo Mei, kisha kiangazi huingia na baridi ya Juni na Julai. Jiji liko mita zipatazo 1,700 juu ya usawa wa bahari, mita 600 zaidi ya Dodoma. Kwa kuwa joto hushuka karibu nyuzi 0.6 kwa kila mita 100, tofauti hiyo ni zaidi ya nyuzi 3. Zabibu inayochelewa kuiva haiwezi kulipuuza pengo hilo.

Katika nchi zetu mzabibu haulali. Hubaki na majani mwaka mzima, na ni mkasi wa kupogolea unaouamuru kuanza upya. Miezi 4 hivi baadaye, vichala viko tayari. Ndiyo maana Dodoma huvuna mara mbili, Februari na Machi, kisha Agosti na Septemba, na mavuno ya kiangazi huwa na nafuu ya kutonyeshewa. Kwenye nyanda za juu, nafasi salama ni moja: kupogoa Juni na kuvuna Oktoba, kabla mvua hazijarudi, tena kwa maji ya kumwagilia.

Kwa hiyo mwenye shamba Rungwe au Mufindi angeacha parachichi au chai, mazao yenye wanunuzi wanaojulikana, afuate zabibu ya mavuno moja. Hesabu hiyo haikai.

Bondeni mambo hubadilika. Isimani, Pawaga na eneo la Mtera, na kwa upande wa Mbeya tambarare za Usangu, ni nchi za joto na mvua haba. Pawaga na Usangu zina desturi ndefu ya umwagiliaji wa mpunga. Hapo Makutupora Nyekundu na Syrah zingekuwa za kujaribiwa kwanza, na Aglianico ipewe mistari michache hadi ijulikane inaivaje. Mtaji wake ni miche, nguzo, waya, mipira ya matone, dawa za salfa na shaba, na vita na mchwa na ndege, huku mavuno ya maana yakisubiriwa miaka 2 hadi 3.

Nani atanunua?

Hili ndilo jambo zito. Dodoma imeshuhudia misimu ambayo zabibu zilikosa wanunuzi na kuozea shambani. Wakulima wamejifunza kuzikamua na kuhifadhi mchuzi wa zabibu kwenye matangi, wakiviuzia viwanda kidogo kidogo. Bei humfuata mwenye tangi, kwa kuwa zabibu iliyokatwa haisubiri.

Kodi imewahi kusaidia. Katika nusu ya pili ya miaka ya 2010, mvinyo wenye zaidi ya asilimia 75 ya zabibu za nchini ulitozwa ushuru wa bidhaa wa shilingi 200 kwa lita, huku mwingine ukitozwa zaidi ya shilingi 2,000. Pengo kama hilo humpa mwenye kiwanda sababu ya kununua hapa nchini, ila bajeti hubadilika kila Juni.

Iringa ina masoko yake mawili ya kutazama. Makanisa yanahitaji divai ya misa, na sheria ya Kanisa Katoliki inadai iwe ya zabibu. Tosamaganga na parokia nyingine ni wateja wadogo lakini wa kudumu. Soko la pili ni la mnywaji wa kawaida, na huko kuna ulanzi, utomvu wa mianzi unaokingwa kwenye mbeta msimu wa mvua. Mwenye mianzi hanunui nguzo, waya wala dawa, hivyo mvinyo wa zabibu hauwezi kushindana nao kwa bei. Nafasi yake ni kiangazi, ulanzi unapoadimika, na kwenye hoteli zinazopokea watalii wa Hifadhi ya Ruaha.

Mpango wenye akili unaanza na mkataba wa kiwanda cha Dodoma au tangi la ushirika Isimani, kisha ekari chache za majaribio na ushauri wa Makutupora. Anayeanza na mche, mnunuzi akimwachia Mungu, ataongeza zabibu kwenye foleni ambayo Dodoma yenyewe haijaimaliza.