Kufundisha Uainishaji: Tutazame Ndani Kabla ya Kutoa Jina

Yafaa mwalimu atambue mapema kwamba kuainisha si kupanga vitu kwa jinsi vinavyofanana machoni tu. Visukuku vya foraminifera wakubwa vinatupa mfano mzuri wa jambo hili.

Foraminifera ni viumbe wa baharini wenye seli moja tu. Wengi hujijengea gamba la chokaa lenye vyumba vingi. Kwa kawaida ni wadogo kama punje ya mchanga, lakini baadhi ya numuliti wa kale walizidi upana wa sentimita 10.

Katika miamba ya Gairo hatuwapati, kwa kuwa iligeuzwa zamani kwa joto na mgandamizo mkubwa. Wanapatikana Kilwa na Lindi, ambako katika miaka ya 2000 wanajiolojia walichimba visima vya utafiti. Humo walikuwamo numuliti na diskosiklina. Kwa nje wote wawili huweza kufanana na dengu. Wakikatwa, tofauti hudhihirika: vyumba vya numuliti huzunguka kwa mstari mmoja kutoka katikati, na vya diskosiklina hupangika duara ndani ya duara.

Darasani tutumie mkeka uliokunjwa na kitunguu kilichokatwa kwa upana. Kila mtoto afuate mistari kwa kidole. Kwenye mkeka, kidole kitatoka katikati hadi ukingoni bila kuinuliwa. Kwenye kitunguu, kitarudi kilipoanzia. Watoto waeleze wenyewe tofauti hiyo kabla ya mwalimu kutaja jina lolote.

Tuwaonye pia kwamba ukubwa hudanganya. Numuliti wa aina moja walikuwa na vizazi viwili vilivyopishana, kimoja chenye magamba madogo na kingine makubwa. Wataalamu wa zamani waliwahi kuwapa majina mawili, kana kwamba ni aina mbili.

Je, kosa hilo lina madhara gani? Yapata miaka milioni 34 iliyopita, dunia ilipokuwa ikipoa, diskosiklina walitoweka kabisa, na baadhi ya numuliti wakaendelea kuishi. Miamba ya Kilwa imehifadhi habari hiyo. Mtu anayewachanganya viumbe hawa kwa sababu ya umbo la nje hawezi kuisoma. Ataona dengu tu, juu na chini, na kusema hakuna kilichobadilika.

Basi mtoto akituletea kitu na kuuliza ni nini, tusikimbilie kumpa jina. Kwanza tukipasue pamoja naye.