Lipu ya Saruji na Ahadi ya Bima

Mwananchi wa Zagayu, mkoani Simiyu, ajengaye kwa matofali ya udongo, hupenda kuta za nje zipigwe lipu ya saruji ili nyumba ionekane ya kisasa. Hatumlaumu. Lakini sisi wa Visiwani tumekwisha kuyaona hayo katika Mji Mkongwe wa Unguja: kuta za mawe na chokaa zikifunikwa kwa saruji, unyevu hukosa pa kutokea, ukazila kwa ndani kimya kimya. Chokaa huuachia unyevu ukauke, saruji huuzuia. Tofali la udongo ni dhaifu zaidi, kwani likilowa hulainika, na lipu hubanduka pamoja na uso wake.

Aliyekopa benki kwa rehani hutakiwa kuikatia nyumba bima, naye hudhani amekingwa na kila baya. Sivyo. Bima ya nyumba kwa kawaida hufidia hasara ya ghafla, kama vile moto au dhoruba. Uchakavu wa polepole na ufundi mbovu havimo. Mkaguzi akibandua lipu na kukuta ufa wa zamani, madai hukataliwa. Kwa fundi nako mwenye nyumba hapati kitu, maana walipatana kwa mdomo tu, tena fundi mwenyewe amekwisha hamia kwingine.

Majengo ya Serikali yana nafuu: mkataba huweka muda wa kurekebisha kasoro baada ya makabidhiano. Tunawaomba maofisa wahusika wahakikishe kwamba muda huo unapitiwa na msimu mzima wa mvua kabla ya malipo ya mwisho.